Mturudishie Gitaa la Célestin

Kwa Mchungaji Zedekia,
Kanisa la Mlima wa Shangwe, Bwera.

Mheshimiwa Mchungaji,

KUHUSU: KUMWOKOA MPIGA GITAA WETU BILA KUTUULIZA

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe, mama mchungaji, na wale mabwana wawili wa mlangoni wanaosimama kama maafande. Mimi ni Nobert Kathembo, fundi cherehani wa Bulembia, huko Kasese, na shabiki wa bendi ya Lhubiriha Jazz tangu siku yake ya kwanza. Naishi na Erina, mama wa watoto wangu. Hatujafunga ndoa mpaka leo, na kwa sasa kosa ni lako.

Wewe umehamia hapa juzi, bendi ile hukuikuta. Kila Ijumaa ya soko ilipiga mchana hapo Bwera. Sisi wa Kasese tulishuka, Wakongo wakavuka mpaka na vikapu vyao wakasahau walichokuja kununua. Marlène aliimba, Ezironi akashika besi, na Célestin wa Butembo, kule Kongo, alipoliachia gitaa hata wabadilisha fedha walinyamaza. Leo Marlène anauza vitenge na Ezironi anaendesha bodaboda. Kati ya wale watatu alibaki Célestin peke yake, naye ukamwokoa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukuuliza wenyewe. Bendi ina mashabiki, Mchungaji! Ungetuita kikao tungekupa mpiga ngoma, ambaye kuokoka kulimhusu zaidi.

2. Nilimfuata Célestin nyumbani kumwomba wimbo mmoja tu. Akanijibu, "Kathembo, mimi niko mutu ya Mungu sasa, mambo ya dansi niliachaka." Ati niliachaka! Mtu aliyetuchezesha mpaka viatu vikatoboka, leo anatutazama kana kwamba dansi tulilianzisha sisi.

3. Imenibidi nimfuate kanisani. Jumapili sita sasa natoka Bulembia alfajiri, nakaa benchi la nyuma, navumilia mahubiri ya saa mbili nikisubiri dakika tano za gitaa. Mahubiri ni mazuri, sikatai, ila yule Yona ungemtoa tumboni mapema kidogo. Na kinachoniuma ni kwamba Célestin anapiga vizuri kuliko zamani! Ile sehemu ya mwisho mnayoiita kusifu, gitaa linapokimbia na watu wote wako wima, ni sebene ileile ya sokoni. Mimi naijua kwa miguu.

4. Jumapili iliyopita mlinivunjia heshima. Célestin alipandisha gitaa, jasho likamtoka. Kwetu sokoni, mpigaji akitoka jasho namna ile, shabiki wa kweli huenda mbele akipunga kitambaa, akamfuta uso. Nikatoa changu, nikaenda nikicheza. Ningejuaje kwamba dakika hiyohiyo ulikuwa unawaita wanaotaka kuokoka? Sijalifikia hata paji la uso, maafande wako wamenikamata mabega, wamenipigisha magoti, nawe umeniwekea mkono kichwani ukaukaza. Nikijaribu kueleza, unasema pepo wa dansi anabisha. Watu mia tatu wakapaza sauti, "Kathembo! Kathembo!" Miaka mingi nilitamani jina langu liitwe kwenye sebene, kama bendi zinavyowataja mashabiki wao, lakini si hivyo, jamani.

5. Hili ndilo kubwa, hayo mengine nimeandika kwa hasira. Miaka kumi na minne iliyopita niliapa mbele ya wajomba wa Erina kwamba harusi yetu itapigwa na Lhubiriha Jazz, la sivyo haifungwi. Wakati huo bendi ilikuwa na kazi kila Jumamosi, tukasubiri. Marlène akaondoka, tukasubiri arudi. Ezironi akaondoka, tukasubiri tena. Watoto watatu wamezaliwa tukisubiri. Gauni nilimshonea mwenyewe, na nimelipanua mara mbili. Mwezi uliopita Erina alilikunja, akalifungia sandukuni, akaniambia, "Nobert, Krismasi ikifika bila harusi narudi kwetu Ibanda. Utabaki na bendi yako." Hakupiga kelele. Mchungaji, naogopa. Nampenda yule mama, na upumbavu wangu nimeuona nimechelewa.

Kwa hiyo naomba, kwa adabu zote, Célestin arudishwe duniani kwa Jumamosi moja tu, kisha umwokoe tena. Kama ulimuweza mara ya kwanza, ya pili haitakusumbua.

Nisalimie kanisa zima, pamoja na yule mzee wa kwaya anayemaliza wimbo baada ya wenzake.

Wako mwenye uchungu na heshima,
Nobert Kathembo

N.B. Nimemsomea Célestin barua hii kabla ya kuileta. Amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe harusi za waumini wenu anapiga yeye, mwanzo mpaka mwisho, na jina langu liko kwenye daftari la waumini tangu Jumapili ile ya kitambaa! Marlène amekubali kuimba, na Ezironi anatafuta nyuzi za besi. Basi yafute yote, kuanzia la kwanza hadi la tano, na utangaze ndoa yetu Jumapili hii. Gauni limetoka sandukuni, nalipanua mara ya tatu. Nabaki na ombi moja: sebene ikianza, Célestin asiite jina langu. Aite la Erina, maana yeye ndiye aliyesubiri.