Mshale Wenye Vichwa Viwili

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Mkuu wa chumba chetu cha uchapaji anastaafu, na bosi anatafuta wa kumrithi. Tumebaki wawili: mimi, na yule mama wa meza ya pili tunayemwita Bi Vidole. Ana kasi. Hana kipaji.

Saa nne akaingia mjomba wangu, mwalimu wa hesabu mstaafu, amekumbatia daftari moja nene. Kitabu chake, kazi ya miaka ishirini. Jumamosi anafanyiwa upasuaji wa macho, na daktari hakumwahidi kitu. Anataka kukisoma kimechapwa, kwa macho yake mwenyewe, kabla ya siku hiyo. Kurasa zimejaa mishale. Bosi akauliza nani anaweza kuichapa. Nikanyoosha mkono wa kwanza. Nikasema mishale ndiyo fani yangu.

Jumanne, 4 Machi

Mdomo uliponza kichwa. Kibodi haina mshale wa maana. Nimeunganisha alama ya sawasawa na ile ya kubwa-kuliko, ikatoka kama mwiba wa samaki. Kumuuliza Bi Vidole? Heri nife.

Lakini nimemwona. Anachapa tarakimu na herufi chache, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na mshale unajitokeza kwenye skrini, mistari miwili, safi kabisa. Msimbo ameubandika mezani kwa karatasi. Alipokwenda kunawa mikono nikajitia natafuta stepla. Nikasoma: 21D. Tarakimu ya mwisho imekaliwa na kikombe cha chai, kimejaa hadi ukingoni. Sikuthubutu kukisogeza.

Nikarudi mezani kwangu, nikajaribu nne mwishoni. Bahati haina kwao! ⇔. Una vichwa viwili. Wa mjomba una kimoja, lakini bila shaka alikuwa anaokoa wino.

Jumatano, 5 Machi

Mishale mia mbili na kumi na minne. Mahali tisa mjomba mwenyewe ameweka vichwa viwili. Ushahidi kwamba anavipenda, ila mkono ulikuwa unachoka. Nimemsaidia kote.

Mchana nikamtumia mke wangu ujumbe: nakupenda ⇔ unapika mapema. Akajibu kwamba leo hapiki, na kwa mujibu wa mshale wangu ameshaelewa mengine. Sikumwelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Kitabu kimetoka, kimebanwa, kina jalada la bluu. Bosi akakipekua, akasema kinapendeza. Kichwa kikanivimba. Bi Vidole alitazama ukurasa mmoja, akanitazama mimi, akarudi kwenye kazi yake. Nikasema moyoni, wivu huo.

Mjomba akaja saa nane. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa lenzi mfukoni, akaanza kusoma pua ikigusa karatasi. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Akaruka hadi wa ishirini. Akaishusha lenzi.

"Mjomba," aliniambia, "mvua ikinyesha, uwanja unalowa. Hapo mshale unakwenda upande mmoja. Wewe umeandika kwamba uwanja ukilowa, basi mvua imenyesha."

Nikasema hutokea.

"Na kama mkeo amemwaga maji ya kufulia?"

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba miaka ishirini amekuwa mwangalifu asidai kitu asichoweza kukithibitisha, na sasa kitabu chake kinasema uongo zaidi ya mara mia mbili. Kisha akauliza kama kesho kutwa ndiyo Jumamosi, ingawa alijua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ijumaa, 7 Machi

Nilidhani ni kazi ya dakika moja: iamuru kompyuta ibadilishe mishale yote. Bi Vidole akanizuia mkono. Akanikumbusha kwamba ile tisa ya mjomba ni ya kweli, ikibadilishwa nayo inageuka pungufu. Lazima tuipitie mmoja mmoja. Akasogeza kikombe chake. Tarakimu iliyofichika ilikuwa mbili.

Mjomba alikaa kati yetu amefumba macho, anayatunza kwa ajili ya kusoma. Hakulihitaji daftari. Mimi nilisoma mstari, yeye akasema "kimoja" au "viwili", Bi Vidole akachapa. Mia mbili na kumi na minne, na hakusita hata mara moja. Pale penye viwili sauti yake ilishuka kidogo, kama mtu anayetaja rafiki. Nilimwonea fahari, na nilijionea haya.

Saa kumi na moja tukakibana upya. Akasoma hadi mwisho kwa lenzi yake, polepole, hadi mfagizi akaanza kupandisha viti. Nasi tulikaa naye. Alipofika ukurasa wa mwisho alikifunga, akakiweka kwapani.

"Sasa na wakate," alisema.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka hospitali. Mjomba amelala chali, macho yamefungwa bandeji hadi Jumatano. Kitabu kipo chini ya mto. Aliniuliza nimejifunza nini wiki hii. Nikamwambia kila kitu, tena kwa undani. Akanishika mkono, akakaa nao.

Kuhusu ukuu wa chumba: bosi amempa Bi Vidole. Sina kinyongo. Nimeketi nikafikiri kwa utaratibu, kama mwanahesabu. Mkuu anayestaafu anavaa miwani. Aliyemtangulia alivaa miwani. Bi Vidole anavaa miwani, na bosi mwenyewe ana mbili. Ndiyo kusema anayevaa miwani hupewa ukuu. Sijui kwa nini sikuliona hili mapema.

Macho yangu hayana kasoro yoyote. Kesho nitapita kwa muuza miwani kabla ya kazi. Nitachukua yenye fremu nyeusi.