Jinsi Nilivyomtangaza Maman Gasaro

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Mke wangu anataka kufunga biashara! Anakaanga mandazi hapa Kamembe tangu tulipotoka Bukavu, Gasaro wetu akiwa bado mgongoni. Leo amerudi na beseni karibu limejaa. Amesema Jumamosi anauza jiko, anaenda kulima kwa dada yake kule Gashonga. Eti hakuna muntu atajua kama amefunga. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Mwenye kosa ni Ridhwani, yule wa chapati ng'ambo ya barabara. Anajirekodi TikTok akirusha chapati juu na kuidaka kwa nyuma. Wateja wote wako kwake. Kitu gani hicho? Mimi kule Bukavu nilirusha chapati ikashuka kesho yake. Simu za kurekodi hazikuwepo, basi.

Nitamtangaza mwenyewe. Nani zaidi yangu? Shule niliacha darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa ananiuliza vitu asivyovijua.

Jumanne, tarehe 11

Tangazo tayari! Siyo kelele za Ridhwani. Kazi ya heshima. Nimechukua picha ya Maman Gasaro ya siku ya ubatizo wa mtoto, anatabasamu kidogo. Rangi nimeziondoa zote, rangi ni mambo ya vijana. Pembeni maua meupe. Chini mshumaa, maana ya moto wa jiko. Maneno: MAMAN GASARO, MIKONO YAKO HATUTAISAHAU. WOTE NYUMBANI KWAKE, ALHAMISI SAA TATU. Kuonja ni bure, lakini hilo sikuandika, nafasi iliisha.

Nimeweka kwenye status ya WhatsApp, na group ya kwaya, na ya familia. Yeye nimemficha. Simu yake ni ya vibonyezo, haioni kitu.

Jioni: ajabu! Kila muntu anajibu. Wananitumia vile vikatuni vinavyotoa machozi. Wanalia kwa hamu! Wengine wanatuma mikono iliyofumbatana, wanaomba wawekewe. Shemeji Gaudiose wa Gashonga amepiga simu, akatoa ukelele, hakuweza kusema. Halafu chaji ikaniishia. Furaha gani hiyo!

Jumatano, tarehe 12

Umeme hakuna. Simu imezima. Nimemwambia mke wangu kesho akande unga mwingi. Ameuliza wa nani. Nimecheka kwa siri.

Alhamisi, tarehe 13

Saa mbili mbele ya nyumba kumejaa. Wanaume na viti. Wanawake na kuni. Nikashangaa: wateja gani wanakuja na kuni? Kamali fundi viatu, rafiki yangu, ameniletea viatu vyangu vilivyolala kwake tangu Pasaka. Amevipaka rangi. Akasema nisimzike Maman Gasaro na ndara.

Hapo nikaelewa.

Maman Gasaro alikuwa nyuma ya nyumba, anakanda. Wao hawajui. Mimi nikajifanya ninafunga kamba za viatu. Wakaanza kumsifu. Maman Védastine, jirani yetu, akasema mume wake alipolazwa hospitali, marehemu alimpelekea mandazi kila asubuhi, akidai ni mabaki ya jana. Mabaki gani yanaunguza vidole? Ridhwani alikuwa amefunga duka. Alilia kushinda wote! Akasema siku ile anaanza kazi, mvua ilimloweshea unga wote, na marehemu akavuka barabara na nusu gunia. Mimi sikuambiwa. Nusu gunia yetu!

Halafu mlango ukafunguka. Maman Gasaro, unga hadi viwikoni, anauliza nani amekufa. Gaudiose akakimbia hadi barabarani, akarudi polepole, akamgusa pua.

Baadaye nimemuuliza kwa nini alichelewa kutoka, na alikuwa anasikia yote. Akasema alitaka kwanza wamalize.

Ijumaa, tarehe 14

Sijatukanwa. Naogopa.

Alfajiri ameniuliza ile picha niliitoa wapi. Nikamwambia ninaihamisha simu hadi simu tangu Gasaro ana meno mawili. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema ni moshi. Jiko lilikuwa bado halijawashwa.

Halafu amekaanga kwa kuni za msiba. Mstari umevuka barabara! Ridhwani mwenyewe amekuja kumrekodi TikTok, Maman Gasaro anacheka, hai kabisa. Jiko haliuzwi tena. Andazi la kwanza ameweka kwenye sahani yangu, ndipo akaniambia niende kufuta ile picha.

Jumapili, tarehe 16

Mji mzima unaniongelea. Vikatuni sasa vinacheka, maana yake wameridhika. Ridhwani amejifunza kwangu, lakini hawezi kukubali.

Baada ya misa Kamali amelalamika: batu wananunua viatu vya plastiki, vikikatika wanatupa, yeye anakaa bure. Nikamwambia atulie, mtaalamu yupo. Mchana amesinzia kwenye benchi yetu na suti yake ya misa, mikono kifuani. Nimempiga picha. Anapendeza mno! Rangi nimeziondoa. Maua yapo. Mishumaa nimeweka miwili, maana viatu vinatembea viwili viwili.