Kuhusu Bata Wanaoamka Alfajiri

Mjini Baraka, Jumanne

Kwa Bwana Mratibu wa Mafunzo ya Wafugaji wa Bata wa Mayai,

Nakuandikia kwa heshima na kwa masikitiko. Mkufunzi wako, kijana Déogratias, alitufundisha kwa siku tatu kwamba bata hutaga mapema asubuhi, kwa hiyo tusiwafungulie hadi saa tatu. Nina malalamiko.

1. Nyumbani kwangu halali mtu baada ya adhana ya alfajiri. Nikienda msikitini nafungua milango yote, ukiwemo wa banda. Bata wangu kumi na wawili hutoka kwa mstari, huingia ziwani, na hutaga huko kwenye matete wanakojua wenyewe. Mayai siyaoni, lakini nidhamu naiona.

2. Jirani yangu Inamahoro, mkimbizi kutoka Burundi, alitii mafunzo. Bata wake hulala kama wakubwa wa ofisi, naye huokota mayai kumi kila siku. Je, uvivu sasa hutunukiwa? Leo ni bata, kesho mbuzi. Keshokutwa wavuvi wa kule Nundu nao watalala hadi saa tatu, na sisi tule nini?

3. Mke wangu Husna amenitamkia mbele ya wageni: «Baba Nadia, bata iko nakula kupita batoto, na yai hata moja hakuna! Ijumaa ikifika bila yai, zote zinaingia ku nyungu!» Wageni walicheka. Bata hao nimewalea tangu wakiwa vifaranga. Siwezi kuwala.

4. Mafunzo yalitolewa kwa watu, ambao hawatagi. Naomba bata wenyewe waitwe, waandikwe kwenye orodha ya mahudhurio, wapewe samaki wadogo wa ndagala badala ya soda, na wafundishwe kutaga kabla ya adhana. Watakaofaulu wapewe cheti. Ikishindikana, serikali itangaze saa rasmi ya kutaga kwa mkoa mzima.

Nisalimie wakufunzi wote, mlinzi wa lango, na mama aliyetupikia. Wali wake haukuwa na kosa.

Ni mimi mwenye banda,
Iddy, mwalimu mstaafu

N.B. Leo ni Jumatano, na barua bado ninayo. Homa ilinilaza, nilisali chumbani, na banda likafunguliwa saa tatu. Ndani yake mlikuwa na mayai tisa. Tafadhali usilichukue hilo kuwa ushahidi. Husna amekwisha kukaanga manne. Homa yenyewe imeshuka, lakini sidhani kama nitapona kabla ya Ijumaa.