Jicho la Mwewe Mbele ya Sinia Jeupe

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mlio na sufuria motoni ziepueni kabisa, maana habari hii haitaki kusikilizwa nusunusu! Nawasimulia siku ambayo Jicho la Mwewe, bingwa wa wavu, mwindaji wa vifaranga vya samaki, simba wa maji ya magotini, alikwenda vitani kupambana na adui mfupi kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Enyi mito, tulieni. Enyi vyura, nyamazeni kidogo.

Jina hilo alipewa ujanani na wenzake wa kituo cha utafiti, kwa kuwa aliweza kumwona samaki aliyeanguliwa juzi ndani ya maji ya tope na kuutaja ukoo wake kabla wengine hawajamaliza kuvaa viatu vya mpira. Lakini miaka haina adabu. Siku hizi shujaa wetu alisoma gazeti akiwa amelisogeza mbali kwa urefu wote wa mkono, na akiambiwa habari za miwani, aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwona mwewe na miwani.

Ikatokea, basi, kwamba pale chini ya daraja, ambapo vifaranga hukaguliwa kila mwezi, shujaa alikuwa ametangaza mara kadhaa mfululizo kwamba hamna kitu. Daktari wa samaki, mwanamke kijana aliyekuwa mkuu wake, akamwita asubuhi hiyo.

"Mzee wangu, leo neno lako ndilo la mwisho," akamwambia kwa upole. "Ukisema tena hamna, tunaandika kwamba mto hauzai samaki, na pale tunaacha kupima. Kama tatizo ni macho, niambie tu. Stoo kuna nafasi."

Stoo! Mtu aliyezeeka maji yakiwa kiunoni, akakae gizani akilinda ndoo na kamba! Jicho la Mwewe alicheka kwa sauti kubwa, akatoka nje. Lakini aliogopa kweli.

Jeshi likashuka mtoni. Mbele alitangulia shujaa katika deraya yake, yaani suruali ya mpira iliyofika kifuani na kuvuja upande wa kushoto. Nyuma yake akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa gari la kituo na mshika ncha ya pili ya wavu, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi. Daktari alibaki ukingoni, mikono nyuma, akingoja neno.

"Ewe mto!" akanguruma shujaa. "Mimi niliyekuingia kabla daraja hili halijapakwa rangi, leo nakudai watoto wako! Wafiche majanini, nitawafuata! Wafiche chini ya mawe, nitawatoa, nami sitarudi nyuma hata..."

"Shemeji, vuta bwana," akasema shemeji. "Maji yameshaniingia kiatuni."

Wakavuta. Wavu ule wenye matundu madogo ya chandarua ukakwangua mchanga, ukayazingira majani ya ukingoni jinsi majemadari wa kale walivyoizingira miji, ukainuliwa ukichuruzika. Kilichobaki ndani wakakisuuza taratibu kwa maji ya ndoo hadi kikaangukia kwenye sinia jeupe. Lazima liwe jeupe, kwa sababu kifaranga kichanga mwili wake ni maji matupu kwa kuutazama, na kinachoonekana ni macho tu.

Shujaa akainama. Akaona sinia. Akaona jani. Akausogeza uso, akaurudisha, akafumba jicho moja, akafumba la pili kwa bahati mbaya. Ukungu mtupu. Neno lile la kila mwezi likampanda hadi kwenye ulimi: hamna. Akilisema, siri yake inapona na mto unahukumiwa; asiposema, anajihukumu mwenyewe.



"Shemeji," akanong'ona, "hebu niazime hiyo miwani."

"Unasemaje?"

"Miwani! Niazime miwani, sioni!"

Hata ng'ambo ya mto walisikia. Shemeji, ambaye hakuwahi kuacha nafasi ya utani impite, safari hii aliivua tu akampa. Ilikuwa ya rangi ya waridi, yenye vimetameta, na mkono mmoja umefungwa plasta. Shujaa akaivaa.

Nukta mbili nyeusi zikamtazama. Kando yazo mbili nyingine. Kisha sinia zima likawa macho.

"Wapo!" akalia. "Daktari, wapo! Wamejaa tele!"

Daktari akashuka, akachuchumaa, akatazama kwa muda. "Na miezi ile mingine?"

Angeweza kuisingizia mvua. "Miezi ile sikuona," akasema. "Nilisema hamna kwa kuwa sikuona. Futa maneno yangu yote."

Daktari alikasirika, na hakuficha. "Nitayafuta. Na kesho unakwenda kupimwa macho, mzee wangu. Ukitoka huko unarudi hapa mtoni. Stoo nitampeleka mtu asiyejua kuogelea."

Jicho la Mwewe alitaka kuhutubia, akaghairi. Akamgeukia shemeji yake, akashtuka. "Kumbe una mvi!"

"Jitazame kwenye maji kwanza, ndipo uongee."

Akajitazama. Akazigusa nywele zake, kisha akawarudisha vifaranga mtoni, nao wakaondoka bila kuaga.

Wenye nyundo na wachonge, wenye mbiu na wapige, vizazi na vizazi viambiwe: siku ile, mchana kweupe, mbele ya mkuu wake na shemeji yake, mwanamume yule alivaa miwani.