Kompyuta Yangu ya Kuunga na Ndoo ya Maji

Leo nimeadhirika, jamani. Nimeadhirika mbele ya mama, mke, shemeji na mwalimu mkuu wa shule, wote kwa mpigo mmoja, ndani ya chumba changu mwenyewe cha kazi hapa Junda. Nawaandikia mapema kwa sababu najua shemeji Omari atataka kuwasimulia yeye, na Omari kwa kutia chumvi hajambo. (Safari hii hata chumvi haihitaji.)

Nyinyi tuliosoma pamoja mwajua kazi yangu. Miaka kumi na miwili natengeneza taipureta. Nimezifungua, nimezitia mafuta, nimezibadilisha utepe, mpaka nikisikia moja ikipigwa nyumba ya tatu naweza kukwambia herufi gani imelegea. Lakini ofisi zinahamia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, na mteja mkubwa aliyenibakia ni shule ya sekondari ya hapa jirani. Mwezi uliopita mwalimu mkuu wake, Mwalimu Nafula, aliniita ofisini.

"Fundi," akasema, "muhula ujao mitihani yetu tutachapisha kwa kompyuta. Ukipata yako, hiyo kazi ni yako. Ukikosa, nitaipeleka mjini. Usiseme sikukuambia."

Nilitoka pale nikiwa na hofu. Nilipofika langoni hofu ilikuwa imekwisha, nishaanza kuota.

Mwanijua. Kuota mchana ni maradhi yangu tangu utoto, na chaki nilizorushiwa darasani mwazikumbuka. Njiani kurudi nyumbani nilijiona nimekaa nyuma ya meza, shati jeupe, feni yanipepea, vidole vyatembea juu ya kibodi bila kelele yoyote. Watu wamepanga foleni mpaka barabarani. Mtu anauliza, "Nani huyo?" Mwingine anajibu, "Humjui? Huyo ndiye Bakari." Nilikuwa nalipenda sana lile "humjui". Nililirudia mara nyingi mpaka nikapita nyumba yangu mwenyewe, nikarudishwa na mke wangu, Saumu, aliyekuwa kibarazani.

"Baba Zuleikha, wenda wapi?"

Basi ikaja hoja. Ninunue kompyuta nzima iliyofungwa kwenye boksi, au nitafute vipande niunge mwenyewe?

Omari, kaka yake Saumu, alikuwa upande wa boksi. Anafanya kazi kwenye mizigo kule Airport, kwa hivyo kila kitu kinachoteremshwa kwenye ndege yeye hujiona ni jamaa yake. "Shemeji, nunua ya boksi. Inakuja na karatasi ya garantii, inakuja na kitabu, inakuja na harufu yake. Hiyo ya kuokoteza vipande itakuunguzia nyumba."

"Hata ya boksi imeungwa na mtu."

"Imeungwa na mtu, ndiyo, lakini si mtu wa Junda! Ungepanda ndege iliyoungwa Junda?"

Wallahi ilinichoma. Nilikasirika, na hasira ikaamua. Mimi si fundi? Mikono hii si ile ile iliyofufua taipureta zilizolala kwenye maji ya mafuriko? Nikasema nitaiunga, na nitaiunga mwenyewe, na siku hiyo Omari atakuja kuomba radhi.

Nikaanza kukusanya. Kasha nililipata kwa ofisi moja iliyofungwa Changamwe, nikalibeba kwa baiskeli nikilikumbatia kama bibi harusi. Lile bao kubwa la ndani, ambalo vitu vingine vyote huchomekwa juu yake, nililinunua mjini. Kioo na printa vilikuwa vya mkono wa pili, kibodi ya mkono wa tatu. Herufi K ilikuwa imefutika kabisa, lakini mimi herufi nazijua kwa vidole. Nyuma ya kasha palikuwa na matundu ambayo vifuniko vyake vilipotea, nikayaacha. Feni yake ya kupoza nayo nikaifunga. (Hiyo feni iwekeni akilini.)

Juzi adhuhuri, nyumba nzima imelala, nikaiwasha mara ya kwanza. Nitawaambiaje? Ilianza kuvuma polepole, sauti ya chini, tulivu, kama mtu anayesoma kimoyomoyo. Kioo kilikuwa cheusi. Halafu herufi nyeupe zikatokea juu, mstari, mstari mwingine, kisha kikabaki kidoti kimoja kinapepesa. Kinapepesa na kungoja. Nilihisi kama kinaniambia, haya Bakari, sema unachotaka. Sikuwa na la kusema. Nilikaa pale nikikitazama mpaka alasiri ikaadhiniwa, na machozi yalinilengalenga, sioni haya kuwaambia.

Baadaye nikaizima, nikaenda bafuni, nikajaza ndoo maji, nikaileta, nikaiweka chini ya dirisha nyuma ya pazia.

(Sitaki maswali kuhusu ndoo. Bado.)

Leo Jumamosi, saa nne, ndiyo ilikuwa siku ya Mwalimu Nafula kuja kuiona. Saumu aliitandika meza ya kompyuta kitambaa chake cha kufuma, kile cha harusi, kirefu kinachofika sakafuni. Omari alikuja mapema akakaa pembeni amekunja nne, kama shahidi aliyekuja kutoa ushahidi dhidi yangu. Mwalimu alifika kwa wakati, viatu vyeupe, mkoba mkubwa, na ndani ya mkoba karatasi ya mtihani wa Jiografia ili nimpigie ukurasa mmoja aone.

Tukaamkuana, tukaulizana hali na watoto na kazi. Mama yangu akatoka ndani kumwamkia mgeni, akazungukazunguka pale mezani, akanong'ona maneno yake, akarudi jikoni. Sikumtilia maanani. Mama siku zote hunong'ona.

Nikakaa. Nikasema Bismillahi. Nikabonyeza.

Ikavuma. Herufi zikaanza kupanda. Mwalimu akasogeza kiti mbele akasema "Ala!" kwa sauti ndogo, na ile "ala" yake, ndugu zangu, ndiyo iliyoniponza. Kwa sababu nilipoisikia tu, niliondoka. Nikawa sipo tena Junda. Niko kwenye ofisi yenye mlango wa kioo, jina langu limeandikwa kwa rangi ya samawati. Shule zote za Kisauni zinaleta mitihani. Omari amesimama mlangoni ameshika kofia mkononi, anataka radhi, nami namwambia, kaa shemeji, kaa, yamepita...

"Fundi," nikasikia kwa mbali. "Hiyo moshi ni ya nini?"

Nikafumbua macho. (Ndiyo, nilikuwa nimeyafumba.) Kwenye ule mwanya wa mbele wa kuingizia disketi palikuwa panatoka moshi. Mweupe, mwembamba, unatoka taratibu bila haraka yoyote.

"Moto!" nikapiga ukelele. "Moto! Tokeni! Tokeni nje!"

Hakuna aliyetoka. Omari hata mguu hakuuteremsha. Saumu alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, lakini mimi nilikuwa nishafika dirishani. Nikavuta pazia, nikanyanyua ndoo, na kwa nguvu zangu zote nikaimwagia kompyuta yangu maji. Yote. Ndoo nzima, mpaka tone la mwisho.

Palipigwa shoti kidogo, tap! Umeme ukakatika nyumba nzima. Feni ya juu ikazunguka, ikazunguka, ikasimama. Maji yalitiririka juu ya kibodi, yakapita kwenye kitambaa cha harusi, yakaingia ndani ya viatu vyeupe vya Mwalimu Nafula. Mtihani wa Jiografia ulielea chini ukielekea mlangoni.



Halafu chini ya meza pakasikika shhhhhh.

Mama akatoka jikoni, leso kichwani, akatutazama mmoja mmoja. Akainama, akainua kitambaa cha meza. Huko nyuma, karibu na ukuta, kilikuwepo chetezo chake cha udongo, makaa yamezimika, majivu yameogelea.

"Bakari mwanangu," akasema, "waumwagiani maji ubani wangu?"

Ubani! Hapo ndipo pua yangu ilipoamka. Chumba kizima kilikuwa kinanukia ubani. Ile harufu niliyozaliwa nayo, inayofukizwa nyumbani kwetu kila Alhamisi, ambayo kila aliyekuwa mle aliisikia tangu mwanzo isipokuwa mimi niliyekuwa safarini.

"Mama, umeweka chetezo chini ya kompyuta?"

"Na niweke wapi? Kitu kipya chaanza kazi bila kufukizwa? Cherehani ya Saumu sikuifukiza? Redio sikuifukiza? Baiskeli yako?" Akamgeukia mwalimu. "Mwanangu, niwie radhi. Hakuwa hivi."

(Nilikuwa hivi. Mama ana huruma tu.)

Omari sasa alikuwa ameanguka kwenye kiti, anacheka bila sauti, mabega yanamtikisika. Hilo ningelivumilia. Nilikuwa tayari nimeanza kutengeneza maelezo kichwani, kwamba fundi mzuri huchukua hadhari, kwamba moshi ni moshi. Na huenda ningefaulu. Lakini Saumu, mke wangu niliyemuoa kwa mahari na mapenzi, akaiokota ndoo, akaitazama, akauliza kwa upole kabisa:

"Baba Zuleikha, hii ndoo ilikuwa hapa ya nini?"

Nikalirudisha pazia mahali pake.

"Si naiona ya bafuni? Tangu juzi twaitafuta, twaoga kwa sufuria."

Wote wakanitazama. Hata Omari akaacha kucheka, na bora angeendelea. Mwezi mzima nilikuwa nimeimba, mikono yangu, ufundi wangu, Junda hoyee. Kumbe moyoni nilikuwa naamini maneno ya Omari kuliko mikono yangu mwenyewe. Na ushahidi ulikuwa umeshikwa na mke wangu, bado unadondoka.

Mwalimu Nafula akasimama. Akavua kiatu kimoja, akamimina maji, akavaa. Akavua cha pili, akamimina, akavaa.

"Fundi," akasema, "hizo miaka zote umenitengenezea taipureta, sijawahi kuona umeweka ndoo kando."

Akaokota Jiografia yake, akaikamua, akaaga kwa heshima zote, akaenda zake. Hakusema kazi nimepata wala nimekosa. Viatu vyake vilisikika kwik, kwik, kwik mpaka kwenye kona.

Nilikaa chini sakafuni, kwenye maji. Sikuota chochote. Mara ya kwanza maishani mwangu nilijaribu kuota nikashindwa.

Omari ndiye aliyekuja. Alichuchumaa, akachomoa waya ukutani, akanipa bisibisi. "Haya shemeji. Fungua."

Nikafungua. Skrubu zote nazijua, kwa sababu zote nilizikaza mimi. Tukatandika mkeka uani, tukaanika kompyuta yangu, kipande hapa, kipande pale. Jirani mmoja akachungulia ukutani akauliza kama samaki huyo ni wa kukaanga au wa chumvi. Dada yake Saumu, mwenye saluni, akatuletea mashine ya kukaushia nywele. Umeme ulipowashwa tena, mama mwenyewe aliishika, akawa anaipeperusha juu ya lile bao huku ananong'ona yake.

"Ile ya boksi," Omari akasema, macho yake kwenye mkebe wa skrubu, "nyuma huwa na kibandiko. Ukikichana tu, garantii imekwisha."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo hungeweza kuifungua. Saa hizi ingekuwa imelala vilevile na maji yake tumboni." Akakohoa. "Nasema tu."

(Hiyo ndiyo radhi yenyewe. Kofia mkononi hakushika, lakini nimeipokea.)

Nilipokuwa nairudisha feni ndipo nilipoona. Nilikuwa nimeifunga kinyume! Badala ya kutoa joto nje, ilikuwa inavuta hewa kupitia yale matundu ya nyuma, na leo ilivuta ubani wa mama yangu, ikaupitisha ndani na kuutolea mbele, puani kwa mwalimu mkuu. Nikaigeuza. Bila ndoo ile, ingeendelea kujipika polepole mpaka iungue kweli, labda katikati ya mitihani. Sisemi kwamba nilifanya makusudi. Nasema tu, kama Omari.

Alasiri ilipotoka nikaibonyeza tena. Chetezo safari hii kilikuwa dirishani, mbali. Ikavuma ile sauti ya chini, herufi zikapanda, na kile kidoti kikaja kikaanza kupepesa na kuningoja. Leo nilikuwa na la kusema.

Barua hii nimeiandikia hapo. Herufi mnaziona zilivyonyooka? Karatasi nazo zinusieni vizuri, zina ubani. Nimetoa nakala tano, nne zenu, na ya tano nitampelekea Mwalimu Nafula Jumatatu asubuhi, pamoja na ukurasa wa Jiografia uliopigwa upya. Najua atacheka. Lakini ili acheke itabidi aisome yote, na akiisoma yote ataona hakuna herufi iliyoruka.

Kwa hivyo chekeni, sina la kuwafanya. Kompyuta inawaka tangu alasiri, na ndoo nimeirudisha bafuni.