Chiriku wa Mashine

Jumatatu, 12 Mei
Sina raha kabisa. Jana kwenye mashindano ya ndege kuimba tulishika mkia tena! Chiriku wangu, Bertrand, aliimba saa nzima bila kupumzika, na hakupata hata alama moja ya chaki. Kosa lake ni mwisho. Wimbo wa chiriku wa mashindano lazima uishie "suskewiit". Bertrand anaishia "suskewooo", kama watu wa kusini mwa nchi yetu wanaosema Kifaransa. Kisichoishia "wiit" hakihesabiwi.

Maua ya ushindi kachukua nani? Firmin, jirani yetu. Alipita nayo mbele ya dirisha letu, polepole. Dirisha letu haliko hata njiani kwake!

Godelieve, mke wangu, alikuwa anamenya viazi. Akasema miaka yote hii mke wa Firmin ana maua mezani, yeye ana kelele tu. Akasema nyumba hii haitoshi ndege na mashine. Jumapili nisirudi bila maua. Nikirudi bila maua, sinthesaiza yangu, ile mashine ya muziki, itoke. Nikamkodolea macho. "Usinitazame hivyo, Odiel. Nimesema itoke, na itatoka."

Sinthesaiza yangu! Ninayo tangu ujana, tangu enzi za bendi yetu iliyovunjika kabla ya kupata jina. Ikitoka, mimi nibaki na nini humu ndani? Viazi?

Jumanne, 13 Mei
Nimepata!

Mashine yangu ina tundu la kupokea sauti za nje. Unaingiza chochote: kikohozi, kijiko kinachogonga kikombe. Mashine inasikia, inaamka, inaipitisha ile sauti kwenye vichujio vyake, na upande wa pili kinatoka kitu kingine kabisa. Leo nimeilisha mvumo wa friji, ikatoa filimbi. Basi, Bertrand aingie na "wooo" yake, atoke na "wiit". Je, ni udanganyifu? Hata kidogo. Ni kumsahihisha. Watoto nao husahihishwa shuleni, na hakuna anayeita polisi.

Nimezungusha vifundo vya mashine chumbani juu mchana kutwa. Godelieve amegonga dari kwa ufagio.

Alhamisi, 15 Mei
Nimemwekea Bertrand maikrofoni na spika ndogo. Akaimba "suskewooo". Spika ikamjibu "suskewiit", safi, tamu, machozi yakanitoka. Bertrand akaitazama spika. Akanitazama mimi. Akanipa mgongo.

Nimemrudishia ile "suskewiit" tangu asubuhi mpaka chakula cha jioni. Kimya. Amenuna! Ndege mzima, amenuna!

Ijumaa, 16 Mei
Sikukaa kitako leo. Nimezunguka bustani hadi nyasi zimelala. Halafu nikaona: tatizo ni ndege. Mashine haihitaji ndege!

Kwenye mashindano visanduku vya ndege hufungwa ili ndege wasishtuke. Nani ataona ndani? Nitaweka spika peke yake. Mashine na betri zitakaa nyuma ya kisanduku, kwenye mkokoteni, chini ya magunia. Maikrofoni isiyo na waya nimeichukua kwa padri, anadhani naitengeneza. Nitaificha kwenye kola. Nikigonga ulimi, "tk", kisanduku kitaimba. Nimejaribu. Tk: suskewiit! Tk, tk: suskewiit, suskewiit!

Nimemwambia Godelieve kwamba Bertrand anapumzisha koo, na mimi nimeazima ndege mwingine. Akauliza wa nani. Nikakumbuka kwamba baiskeli inahitaji kuoshwa.

Jumapili, 18 Mei
Aibu! Aibu tupu!

Kwetu mtu hahesabu ndege wake mwenyewe. Mnapiga kura ya bahati, unakaa mbele ya kisanduku cha mwenzako, na kila wimbo unauchorea alama ya chaki kwenye fimbo yako. Kura ikamweka Firmin mbele ya kisanduku changu. Mimi nikapewa chake.

Mwenyekiti wa chama chetu, Gaston, akapuliza kipenga cha kuanza. Kisanduku changu kikasema suskewiit. Firmin akaweka alama kabla ndege yeyote hajavuta pumzi.

Nikagonga ulimi mara kadhaa, mambo yakaenda vizuri. Kisha ndege wa Firmin, pale mbele yangu, akaimba. Changu kikaimba. Akaimba tena. Changu tena. Maikrofoni inasikia kila kitu! Nikaifunika kwa mkono. Mkono ukaikwaruza: suskewiit-suskewiit-suskewiit. Trekta likapita, kisanduku kikatoa "wiiiii" moja ambayo haikukatika mpaka trekta lilipokunja kona ya duka la mikate. Firmin anachora tu, jasho linamtiririka, fimbo imejaa, anaomba nyingine. Laiti angekuwa mwizi kidogo! Mwaminifu kupindukia, mtu yule.

Gaston akaja, akasimama karibu yangu. Akauliza kwa upole kama ndege wangu ni mzima. Nikasema ndiyo. Suskewiit. Akauliza anakula nini. Nikasema mbegu. Suskewiit. Nikanyamaza. Kisanduku kikanyamaza. Safu nzima ikageuka kututazama.

"Sema kitu kingine, Odiel."

Nikatikisa kichwa.

"Sema tu, ndugu yangu. Hata jina la mama yako."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia simwelewi, mimi ni mtu safi, naonewa wivu! Kila neno, suskewiit. Kadiri nilivyokana ndivyo kisanduku kilivyoimba, na Firmin amepiga magoti pale, anaweka alama moja baada ya nyingine, maana kanuni ni kanuni.

Wakafungua kisanduku. Nimefukuzwa chama maisha.

Nikarudi nyumbani nikisukuma mkokoteni. Godelieve alikuwa jikoni, dirisha wazi, chaki mkononi. Mlango wa stoo umejaa alama kutoka juu hadi chini. Bertrand ameimba asubuhi nzima. Nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe: suskewiit! Kile alichosikia kwenye spika Alhamisi amekishika, amekifanya chake. Hakununa, alikuwa anajifunza. Alama za mlangoni zimempita hata mshindi wa leo.

Godelieve hakupiga kelele. Alisema tu, "Ungemchukua, leo ningekuwa na maua." Akaendelea kufuta meza iliyokwisha kuwa safi. Nilitamani anirushie sufuria. Imeniuma, sitasema uongo.

Jumatatu, 19 Mei
Sinthesaiza imetoka. Maurits, kaka yake Godelieve, ameichukua akaiweka kwenye banda lake la kuku. Nimemnunulia mke wangu maua dukani. Ameyatia kwenye ndoo, nje.

Nimekaa na kujitafakari kwa dhati. Nimekubali: nilikosea sana. Chiriku ni ndege mdogo mno kwa kazi hii.

Maurits ananiambia kijijini kwao hushindanisha majogoo. Wanahesabu nani amewika mara nyingi zaidi, na mshindi hupewa maua vilevile. Hakuna anayenijua kule! Jogoo wa Maurits ana sauti ya mgonjwa, lakini sauti ya mgonjwa ikipita kwenye vichujio viwili, nikafungua cha chini na kubana cha juu...

Godelieve ameuliza naenda wapi. Nimemwambia naenda kufagia banda la kaka yake. Amefurahi sana. Amenibusu shavuni, akasema hatimaye nimekua mtu mzima.