Hotuba ya Kuzindua Uondoaji wa Tiki kwenye Kitufe cha Vibali vya Mwani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, waheshimiwa wa meza kuu, masheikh, mapadri, wachungaji, wazee wetu, shikamooni, akina mama wa mwani wa Tongoni, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu.)

Ndugu wananchi, ofisi yangu ina makro, yaani kile kitufe cha kwenye kompyuta ambacho karani akikibonyeza, kibali cha kusafirisha mwani kinajiandika chenyewe. Tangu tuwekewe programu mpya, kitufe kinatafuta maktaba ya programu ya zamani, hakiioni, kinagoma. Dawa yake naijua, nimesomea: unafungua orodha ya marejeo, yaani ya maktaba ambazo kitufe kinazitegemea, unaondoa tiki kwenye ile iliyopotea, basi. Lakini jamani, tiki ikiondolewa kienyeji asubuhi, mimi jioni nitakata utepe wa nini? (Vicheko.) Ndiyo maana nikaagiza asiiguse mtu mpaka uzinduzi, tukaanza na upembuzi yakinifu, semina elekezi, roadmap shirikishi na ziara ya mafunzo nje ya nchi, ambayo kwa uzalendo nilikwenda peke yangu. (Sauti: "Makubwa!") Leo natembea kifua mbele, utekelezaji umefikia asilimia mia na ishirini!

Naona Mama Mboni amesimama. ("Mwanangu, kibali changu! Lori la mnunuzi lile pale, dereva kashawasha injini, hapakii bila karatasi. Mvua hiyo inakuja, mwani wangu utaoza!") Shikamoo mama. Kilio chako kimepokelewa, kitaingizwa awamu ya pili. Haraka haraka haina baraka. ("Baraka gani, wewe! Ondoa tiki!" Umati unapiga kelele.) Ahsanteni kwa kuniunga mkono.

Kitufe oyee! Marejeo juu! Tanga ya kidijitali, mbele kwa mbele! (Umati unageuka kulitazama lori.)

Nahitimisha kwa shukrani. Ahsante Bwana Castory wa duka la stesheneri kule Raskazone, kwa kutuazima boksi hili la kompyuta tulilolikatia utepe, ingawa ndani hamna kitu. Nawashukuru watekelezaji wa mradi huu, ambao tutawateua mara tu mradi wenyewe utakapobuniwa. Na dereva wa lile lori linaloondoka tupu, tumpungie mkono, jamani. (Hakuna anayepunga. Mama Mboni analia.) Mpiga picha, hayo machozi ya furaha usiyaache.